Daktari kaacha uozo chini ya jino akapaka bondi ya kuua bakteria, je jino litapona?

Dada mmoja wa Mwanza ameuliza hivi: "Daktari habari za kazi. Nilienda kuziba gego la chini, daktari akachonga muda mrefu halafu akasema uozo umefika karibu na mshipa, kwa hiyo anaacha kidogo kule chini maana akiendelea atatoboa. Akapaka dawa ya kugandisha anayoiita bondi, akasema hii ina bei zaidi kwa sababu inaua bakteria waliobaki, kisha akaziba na ile nyeupe ya kumulikwa taa. Jino haliumi, ila maji ya baridi nayasikia kidogo. Sina amani kabisa. Uozo si utaendelea kula huko chini? Hiyo dawa inaua kweli au niliuziwa jina tu? Niende kwingine wafungue wasafishe wote? Na mwanangu wa miaka 6 ana jino limetoboka, naye apakwe hiyo hiyo?"

Dada yangu, salama, na pole kwa wasiwasi. Naanza na lile la haraka: usikubali mtu alifungue hilo jino kwa sababu tu kuna uozo umeachwa chini. Kwa ulivyoeleza, huyo daktari amefanya kitu ambacho sisi madaktari wa meno tunapaswa kukifanya kwenye jino lenye tundu refu na bado haliumi lenyewe, na wengi wetu bado hatukifanyi, tunachonga mpaka mshipa unaonekana halafu tunamwambia mgonjwa bahati mbaya jino lilikuwa limeharibika sana. Sasa nikueleze kwa nini, maana bila kuelewa utakaa na hofu na siku moja utakutana na mtu wa kukushawishi ufungue.

Jino chini ya lile ganda gumu la nje, enameli, lina tabaka linaitwa dentini, na dentini imejaa vijitundu vyembamba sana vinavyoelekea kwenye kiini, hapo watu wanapopaita kwenye mshipa. Bakteria wakila sukari wanatoa asidi, na hiyo asidi inatangulia mbele yao. Kwa hiyo uozo una sehemu mbili. Ya juu ni laini, imelowa, daktari akikwangua kwa kile kijiko kidogo cha chuma inatoka mapande mapande bila kutumia nguvu, hapo ndo kumejaa bakteria na hakuna kitu cha kuokoa. Ukishuka chini yake unakuta sehemu ambayo ni ya kahawia, inabonyea kidogo lakini inashika, ukikwangua inatoka vigandaganda vikavu. Hii ya pili imepoteza madini ila nyuzi zake bado zipo, bakteria wapo wachache, na ina uwezo wa kurudishiwa madini ikiachwa kwa utulivu. Na kiini chenyewe kikiwa hai kinajenga ukuta mpya wa dentini kwa ndani kujikinga. Sasa tundu likiwa refu sana, kati ya hiyo kahawia na kiini unaweza ukabakiwa na unene mdogo mno, pale kuchonga zaidi ni kucheza na jino la mtu.

Mabishano haya ni ya siku nyingi. Mwaka 1859 daktari wa meno John Tomes kule Uingereza alishasema ni afadhali tabaka la dentini iliyobadilika rangi libaki kumlindia mgonjwa kiini kuliko kuhatarisha jino zima. Halafu mwaka 1908 akaja G. V. Black wa Marekani na msimamo wa kinyume, kwamba bora kiini kifunuliwe kuliko kukiacha kimefunikwa na dentini laini, na huyu Black ndo aliyeshika vyuo karibu karne nzima, ndo maana hata leo ukienda kwa daktari aliyefundishwa kwa mtindo huo atashangaa sana kusikia kuna uozo umeachwa. Lakini ushahidi ulikuja kugeuka. Kule Augusta, jimbo la Georgia, mama mmoja mtafiti anaitwa Mertz-Fairhurst na wenzake waliziba meno yaliyotoboka bila kuondoa uozo wa ndani, walihakikisha tu kingo zimeshika vizuri kwenye enameli nzima, wakayafuatilia miaka 10, na matokeo waliyoyatoa 1998 yalionyesha uozo ule ulisimama. Niseme ukweli, matobo yale hayakuwa marefu kama lako, hayakupita nusu ya dentini. Kwa matobo marefu ushahidi mzuri ulitoka Brazil, kwa timu ya mtafiti Marisa Maltz. Wao walilinganisha makundi mawili: la kwanza uozo wa chini unaachwa na jino linazibwa moja kwa moja siku hiyo hiyo, la pili linazibwa kwa muda halafu mgonjwa anarudi baadaye linafunguliwa na kumaliziwa. Baada ya miaka 3 kundi la kwanza viini vilivyobaki hai vilikuwa asilimia 91, la pili 69. Na sababu kubwa ya kundi la pili kushindwa ni kitu ambacho sisi huku tunakijua vizuri sana, watu hawakurudi, wakabaki na kile kizibo cha muda mpaka kikavuja. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa Leuven, Ubelgiji, na makubaliano yao yakachapishwa 2016: kwenye tundu refu na jino bado hai, acha uozo unaobonyea juu ya kiini, safisha kingo zote mpaka pagumu, ziba.

Haya, kwa nini bakteria waliofungiwa hawaendelei kula? Kwa sababu wamekatiwa chakula. Sukari unayokula haiwafikii tena, wengi wanakufa na wanaobaki wanadumaa hawana nguvu ya kutengeneza asidi ya kutosha. Yaani kazi kubwa ya kukuponya inafanywa na kule kuzibika, na hapo ndo nataka ushike sana, maana swali lako la bondi jibu lake limekaa hapo hapo.

Bondi ni ile gundi inayopakwa kabla ya kompoziti nyeupe, bila hiyo kompoziti haishiki kwenye jino. Kwa kawaida haina kazi ya kuua chochote, ingawa ile ya kwanza kupakwa, praima, huwa na asidi na asidi yenyewe inapunguza bakteria kidogo. Bondi ya kuua bakteria iliyochunguzwa zaidi ni ile yenye kemikali inaitwa MDPB, kazi ya Satoshi Imazato na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walioanza nayo miaka ya 1990, na kampuni ya Kuraray ikaja kuitia sokoni kwa jina Clearfil Protect Bond. Hiyo MDPB ni ndugu wa dawa mnayoikuta kwenye baadhi ya maji ya kusukutulia mdomo, setilpiridiniamu. Upande mmoja ina chaji chanya, ngozi ya nje ya bakteria ina chaji hasi, zikikutana ngozi ile inavurugika, vya ndani vinamwagika, bakteria anakufa. Upande wa pili wameipachika mkono unaoshikana na rezini ya bondi, yaani ile plastiki yake inayoganda kwa taa. Ujanja wote uko kwenye huo mkono wa pili.

Maana angalia inavyotumika. Daktari anachovya kibrashi kidogo kwenye praima, ambayo ina MDPB asilimia 5, anapaka ndani ya tundu anaacha sekunde 20, anapuliza hewa taratibu ikauke, anapaka bondi yenyewe, anapuliza tena kidogo, anamulika na taa ya bluu sekunde 10. Kwa zile sekunde za mwanzo, praima ikiwa bado majimaji, MDPB inatembea, inazama kwenye vile vijitundu vya dentini na inaua kweli, maabara imeonyesha hivyo mara nyingi, na hata kwenye meno ya mbwa ambayo watafiti walichonga matundu na kuweka bakteria aina ya Streptococcus mutans makusudi, praima yenye MDPB iliwaua vizuri kuliko ile ya kawaida. Ila taa ikishawaka, ule mkono unaishika MDPB kwenye rezini, inakuwa sehemu ya gundi, haitoki tena. Faida yake ni kwamba haivuji kuingia mwilini na haiishi kama dawa inayomomonyoka. Hasara yake ni kwamba kuanzia hapo haimfuati bakteria, inamsumbua yule tu aliyekuja kuigusa, na ikishafunikwa na protini za mate au mizoga ya bakteria wenyewe hata huo uwezo unapungua.

Kwa hiyo je, inaua? Ndiyo, inaua wanaoguswa wakati wa kupakwa. Je, ndiyo inayookoa jino? Hapo siwezi kukudanganya dada. Ushahidi mwingi ni wa maabara. Shirika la Cochrane, wale wanaopekua tafiti zote za watu na kuzichuja, walitafuta majaribio ya wagonjwa yanayoonyesha kwamba vizibo vya kompoziti vyenye dawa ya kuua bakteria vinazuia meno kuoza tena, na hata waliporudia mwaka 2013 hawakupata hata jaribio moja lililofikia vigezo vyao. Haimaanishi bondi hii ni utapeli, inamaanisha mtu akikuambia inaponya uozo uliobaki anasema zaidi ya kilichothibitishwa. Mimi naiona kama msaidizi. Kwenye tundu refu kama lako, ambapo kuna sehemu imeachwa, kuitumia ni uamuzi wa busara, haina madhara ninayoyaogopa na inapunguza idadi ya wale wanaofungiwa. Lakini mwenye kazi ni kizibo.

Na kuna jambo jingine watu wengi hawaambiwi. Bondi ya aina yoyote, ya kuua au isiyoua, inashika vibaya kwenye ile dentini ya kahawia kuliko kwenye dentini nzima, kwa sababu ile ya kahawia ina maji mengi na madini machache, ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao lipu haijakauka. Ndo maana uozo unaruhusiwa kubaki pale chini kabisa juu ya kiini tu, basi. Kuzunguka kingo zote lazima daktari asafishe mpaka chuma kikikwangua kinasikika kinagonga pagumu. Daktari aliyeacha uozo kwenye kingo akategemea bondi iue, huyo kakosea hata kama chupa yake imetoka Japani jana. Mimi ukiniambia nichague, nitachukua bondi ya kawaida kwenye jino lililokaushwa vizuri na kingo safi, niiache ile ya bei kwenye jino lililoguswa na mate.

Mahali penye shida zaidi kwenye magego ni ule ukingo wa chini katikati ya jino na jino, pale karibu na ufizi. Ufizi ukiwa umevimba unavuja damu, pamba imeshalowa mate, mgonjwa kachoka kufungua mdomo, na daktari ana foleni nje. Tone moja la damu likigusa praima kabla haijamulikwa, pale hapajashika, na baada ya mwaka au miwili pale ndo panaanza kuoza upya. Wakati wa kuziba wanaojali wanaweka ile karatasi ya mpira inayotenganisha jino na mate, na kama haipo basi wanabadilisha pamba mara kwa mara na kutumia bomba la kufyonza, wanabana ukanda wa chuma kati ya meno kwa kijiti. Kama uliona hayo yakifanyika, una sababu ya kulala vizuri. Nyumbani unaweza kujikagua mwenyewe: pitisha uzi wa meno pembeni ya lile jino, ukiwa unakwama au unachanika kila mara sehemu ile ile, au nyama na mchicha vinanasa hapo kila ukila, rudi ukingo ukaangaliwe. Hiyo ndo sababu halali ya kulirudia jino.

Kuhusu chupa yenyewe, muulize tu daktari jina, hana sababu ya kuficha. Wengine wanaita ya kuua bakteria bondi ambayo ina floraidi tu, na wengine wanapaka kwanza klorheksidini asilimia 2 ndani ya tundu halafu bondi ya kawaida, nayo inaua pale pale ingawa haibaki kwenye gundi, na faida yake kwa wagonjwa baada ya miaka haijaonekana wazi. Kama alikwambia bei kabla ya kupaka na ukakubali, hujaibiwa. Kama nyongeza ilikuwa karibu na bei ya kuziba jino lenyewe, hapo mimi ningeuliza, kwa sababu kwa jino moja inatumika matone machache tu.

Sasa hilo baridi. Ukinywa maji ya baridi jino likashtuka kisha likatulia ndani ya sekunde chache, hiyo kwa wiki kadhaa za mwanzo ni kawaida, kiini kilichochongewa karibu lazima kilalamike. Kinachotakiwa ni iwe inapungua. Ukiona inazidi, au maumivu yanabaki dakika nzima na zaidi baada ya baridi kuondoka, au jino linaanza lenyewe bila kuguswa, linakuamsha usiku, linapwita, likikutana na chai ya moto ndo linapandisha, hapo kiini kinakufa na hakuna bondi ya kukirudisha, nenda ukatibiwe mzizi mapema kabla ya uvimbe. Uvimbe kwenye ufizi, kipele kinachotoa usaha, au shavu kuvimba, hiyo ni siku hiyo hiyo, sio ya kumeza antibayotiki za duka la dawa na kusubiri. Hata kwa daktari mzuri kabisa baadhi ya meno haya yanaishia kwenye kutibiwa mzizi, maana kiini kinaweza kuwa kilishaumia kabla hujakaa kwenye kiti.

Rudi kwa huyo huyo daktari baada ya miezi 6 au mwaka apige eksirei aangalie ncha za mizizi. Na hapa sikiliza kwa makini: kwenye picha ile dentini iliyoachwa itaonekana kivuli cheusi chini ya kizibo, leo, mwakani, na pengine miaka mingi. Ukienda kliniki nyingine na hawana historia yako, atakuonyesha kivuli atasema hapa pameoza tena tufungue. Kwa hiyo omba sasa hivi uandikiwe kwenye karatasi: jino gani, tarehe, kwamba uozo uliachwa makusudi juu ya kiini, na nyenzo iliyotumika. Omba na picha ya siku za karibuni ukae nayo kwenye simu. Kivuli kikibaki vile vile na jino liko kimya, kinaachwa. Kikipanuka au kikionekana kipya pembeni kwenye ukingo, ndo kuna mazungumzo.

Kwako mwenyewe piga mswaki mara mbili na dawa yenye floraidi, angalia kwenye boksi iwe kati ya 1000 na 1500 ppm, tema povu usisukutue na maji mengi maana unaiosha floraidi yote. Na soda au chai ya sukari ya kunywa kidogo kidogo kutwa nzima iache, kunywa na chakula umalize. Hicho kizibo kinazungukwa na mdomo wako ule ule uliotoboa jino la kwanza.

Nakuja kwa mtoto. Kitu cha kwanza ujue ni jino lipi. Miaka 6 ndo umri ambao gego la kwanza la ukubwani linatoka, linaota nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, wazazi wengi wanalidhania la utoto wanasema acha litang'oka lenyewe, kumbe ndo hilo hilo la maisha. Likiwa ni hilo, linatibiwa kwa uzito kama la kwako.

Likiwa la utoto, hiyo bondi haihitaji kabisa. Kuna njia iliyozaliwa hapa hapa kwetu, inaitwa ART, ilianza katikati ya miaka ya 1980 wakati mtaalamu wa meno Jo Frencken akiwa kwenye shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanakwangua uozo laini kwa mkono, hakuna mashine, mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi, kisha wanaziba na simenti ya glasi ayonoma ambayo inashikana na jino yenyewe, inavumilia unyevu kidogo na inatoa floraidi. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe tarehe 7 Aprili 1994 na leo inatumika dunia nzima, na naona fahari kila nikiitaja. Kama tundu liko katikati ya magego mawili ya utoto, kuna njia ya daktari Norna Hall wa Scotland, jino linavishwa kofia ya chuma bila kuchonga wala kuondoa uozo, nayo inafanya kazi kwa sababu ile ile ya kuwakatia bakteria chakula. Na kama mtoto hakubali kukaa, kuna dawa ya maji ya fedha na floraidi, asilimia 38, inapakwa kwa brashi inasimamisha uozo, ila inaacha tundu jeusi moja kwa moja, kwa hiyo ujue mapema usije ukashtuka. Dawa hiyo pamoja na simenti ya glasi ayonoma viliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, kwa hiyo usione haya kuviulizia hata hospitali ya wilaya.

Mpeleke wiki hii hii kama hajaanza kulia usiku, maana akishaanza kuumwa usiku au ufizi ukavimba, hizo njia zote tatu hazimfai tena, itabaki kutibu kiini au kung'oa.